Barua Iliyokaa Kwenye Lori

Umoja,
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kaka Maingi,

Salamu. Natumaini hujambo, wifi hajambo na watoto wazima. Mimi si mzima, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Nimekupigia simu mara nne tangu Ijumaa, na mara zote nne umekata nilipotaja neno mfuko. Barua huwezi kuikata. Nimeiacha kwa Bi Rufaida, fundi wa nguo, kwa kuwa sasa najua unapita kwake kila mwezi.

Nikueleze nilivyojua, usije ukamlaumu yule mama. Ijumaa nilimpelekea gauni langu la kijani anipunguzie kiuno. Nimepungua kilo kumi na moja, Maingi. Uliniona kanisani ukaniambia nimependeza. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na vifuko sita vya kitambaa laini, vimeshonwa kwa ustadi, kila kimoja kina tundu la duara, na kikaratasi chenye jina lako. Nikauliza ni vya nini. Bi Rufaida akasema bila kuinua macho, "Ni vya kuvisha ule mfuko wa choo wa kaka yako, Mama Mbinya. Ile plastiki humchoma ngozi siku za joto. Namshonea tangu alipotoka kupasuliwa." Kisha akaniona uso. "Yarabi," akasema, "nilidhani wajua. Mtu na dada yake."

Mtu na dada yake.

Sasa nijibu. Novemba 2019 ulisimama kanisani kwetu ukashika maikrofoni. Nilikuwa safu ya tatu. Ulisema madaktari walikukuta na uvimbe mbaya tumboni, ukafunga na kuomba siku ishirini na moja, Bwana akauondoa. Hukutaja kisu. Hukutaja mionzi wala dripu. Ile miezi mitano ambayo hatukukuona ulikuwa umetuambia uko safari za Kampala na lori. Nililia kwa furaha mpaka leso ikalowa. Mzee Ndambuki, aliyeketi kando yangu, alirukaruka na ile miguu yake mibovu.

Basi mwaka jana mwezi wa Januari nilipoanza kuona damu chooni, nilifanya nini? Nilifanya ulichofanya wewe, au nilichodhani ulifanya. Nikafunga, nikaomba, nikanywa yale maji ya maombi. Miezi kumi na minne. Pasaka nilikuja kwako nikakwambia habari ya damu. Ukasema, "Labda ni bawasiri, lakini nenda hospitali." Nikakujibu, "Wewe mbona hukwenda?" Ukaninyamazia, Maingi. Ukaninyamazia na ukaniongezea chapati.

Wiki mbili zilizopita nilianguka kazini, katikati ya mitungi ya plastiki ninayoikagua. Damu imepungua mwilini. Jumanne wakaniingiza kifaa chenye kamera, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Ni saratani. Daktari Awuor wa kliniki aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba kaka yangu aliponywa na Mungu bila kisu. Aliandika kitu kwenye faili, hakucheka. Afadhali angecheka.

Nataka jibu la maandishi.

Ni mimi dadako,
Mukai


Donholm,
Jumamosi, 16 Machi 2024

Dada Mukai,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimia na amekuwa akilia tangu Jumatano, kwa hiyo usidhani nyumba hii inacheka.

Barua yako niliisoma ndani ya lori, kwenye foleni ya kupakia pale Industrial Area, eneo la viwanda, mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi. Nimeumia sana kwa ugonjwa wako. Lakini pia umenikasirisha, na kwa kuwa umetaka maandishi, utayapata.

Ndiyo, nilipasuliwa, Mei 2019. Uvimbe wangu ulikuwa chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Ikabidi wafunge huko na kunitolea choo ubavuni. Mfuko huu ni wangu mpaka nife. Sasa wewe unajua madereva walivyo? Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyepata mfuko kama huu baada ya ajali. Wakambandika jina, Mtungi. Akisimama karibu na mtu, anaulizwa, "Budaa, unavuja?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kila asubuhi, mpaka akaacha kazi akarudi Kitui. Ulitaka niitwe hivyo mbele ya watoto wangu?

Na kuhusu ushuhuda, usijifanye mgeni. Umekulia kanisa lile. Unajua desturi, ukipewa maikrofoni utukufu wote ni wa Mungu. Nani umewahi kumsikia akisema namshukuru Bwana pamoja na daktari wa zamu? Yule mama aliyepata mtoto baada ya miaka tisa hakutaja kliniki, na sote tulikuwa tukimwona kwenye steji ya matatu akienda kliniki. Pasta aliniambia kabla sijasimama, "Ndugu, usigawanye utukufu." Nikajua kila mtu mzima aliyeketi pale atajijazia yaliyobaki. Nilijua wewe hasa utajijazia. Wewe ni mkaguzi wa kiwanda. Unatia maji kwenye mitungi ya watu kutafuta tundu, na mimi ukaniamini bila kuuliza swali hata moja?

Tena nilikwambia uende hospitali. Nililisema neno hilo kwa kinywa changu. Usinitwishe miezi yote kumi na minne.

Nenda ukapasuliwe. Watu wale wanajua kazi yao.

Mimi kakako,
Maingi


Umoja,
Jumapili, 24 Machi 2024

Kaka Maingi,

Hujambo na hao wa Donholm? Mbinya anakusalimia. Binti yangu haelewi kwa nini siku hizi akimtaja mjomba wake naondoka sebuleni. Tumbo linaniuma upande wa kulia, chakula hakikai, na hasira iko palepale, kwa hiyo naanza na hiyo.

Unasema ningejijazia. Haya, nikueleze ukaguzi ulivyo, maana nimekula kwa kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mashine ikitoa mitungi mia, sichukui ule mmoja unaong'aa nikampelekea meneja. Nachukua bila kuchagua. Nautia maji, naubonyeza, naandika. Iliyovuja naiandika kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hiyo ndiyo habari ambayo kiwanda kinahitaji. Wewe ulitusimamishia mtungi mmoja mzima na ukafuta jina la kiwanda kilichoutengeneza. Halafu leo unanilaumu kwamba sikujua umetoka wapi.

Alhamisi nilimwambia Daktari Awuor anipe hesabu. Ni mwanamke mdogo kwangu, anaongea haraka. "Mama, unataka hesabu ama unataka pole?" Nikasema hesabu. Akanichorea nyuma ya fomu ya damu. Ugonjwa ukikutwa bado uko ndani ya ukuta wa utumbo, wakaukata, basi katika watu mia kama tisini wako hai baada ya miaka mitano. Ukiwa umeingia kwenye tezi za jirani, kama sabini. Ukiwa umefika ini au mapafu, kama kumi na tano. Akasema hizo ni hesabu za nchi zinazofuatilia wagonjwa wao mpaka mwisho. "Hapa kwetu wengi wanakuja kama wamechelewa, na wengi wanatupotea, hatujui waliishia wapi." Nikamuuliza wanaopona kwa maombi peke yake ni wangapi katika mia. Akasema, "Hiyo hakuna mtu amehesabu, mama. Wenye wanasimama kushuhudia ni wenye walibaki."

Ile fomu nimeiweka ndani ya Biblia. Natazama tisini, natazama sabini, natazama kumi na tano, na najiuliza miezi yangu kumi na minne ilinitoa wapi ikanipeleka wapi. Hatua niliyofika hawataijua kwa hakika mpaka wanifungue.

Kuna jambo lingine. Alisema mtu akikutwa na ugonjwa huu, hospitali humwagiza awaambie ndugu zake wa tumbo moja wakapimwe, hata kama hawaumwi popote. Mama yetu alikufa kwa tumbo mwaka 2009, sisi tukasema ni vidonda. Wewe uliambiwa hilo la ndugu, au hukuambiwa? Nijibu ndiyo au hapana.

Napasuliwa Jumanne, tarehe tisa Aprili. Sitaki pole yako. Nataka usimame pale uliposimama, mbele ya watu walewale, useme ulipasuliwa. Mzee Ndambuki naye anaona damu tangu Disemba. Nilimwambia aende hospitali, akanijibu, "Maingi hakwenda." Ni jibu lilelile nililokupa wewe Pasaka.

Dadako,
Mukai


Donholm,
Jumanne, 2 Aprili 2024

Dada Mukai,

Pokea salamu zangu. Tunakuombea kwa ajili ya tarehe tisa, na wifi yako atakuja kukaa na Mbinya.

Umetaka ndiyo au hapana. Ndiyo.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Nilipewa siku niliyotoka hospitali, nikaambiwa niwape ndugu zangu. Ndugu nilionao ni wewe tu. Imekaa kwenye kisanduku cha lori, chini ya vitabu vya mizigo, tangu Juni 2019. Hiyo alama juu yake ni ya chai. Nilikuwa nikupe wiki iliyofuata. Kisha nikasema nipate nguvu kwanza. Halafu nikatoa ule ushuhuda, na baada ya hapo ningekupaje? Ungeniuliza barua ya hospitali imetoka wapi, wakati mimi hospitali sikwenda. Kila mwezi uliopita uliufanya ule unaofuata uwe mgumu zaidi. Siku ile ya chapati bahasha ilikuwa nje palepale, ndani ya lori, mlangoni kwangu.

Nitasimama Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Nimeshamwambia pasta nina neno la kuongeza.

Usiifungue kabla hujapasuliwa kama itakupandisha presha. Lakini nakujua, utaifungua.

Kakako,
Maingi


Umoja,
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Maingi,

Leo salamu ni fupi. Niko hai. Nina mshono kutoka juu ya kitovu kwenda chini, naweza kutembea mpaka kwa Bi Rufaida na kurudi. Walikata kipande cha utumbo wakaunganisha, kwa hiyo sina mfuko. Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

Bahasha niliifungua wadini, siku moja kabla ya kisu. Imechapwa na ina muhuri. "Kwa ndugu wa Bwana Maingi Nzau." Inasema wapimwe kwa kamera mapema iwezekanavyo. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: "Dada Mukai, miaka 38, asisubiri dalili." Mtu ambaye hajawahi kuniona aliandika jina langu. Maana yake ulimtajia. Uliketi pale, ukamtajia jina na umri, ukamtazama akiandika, ukaikunja. Na miaka yote hiyo ulikuwa ukipakia mzigo geti la tatu kutoka kiwanda changu. Ulinipungia mkono mara ngapi kwenye dirisha la lori hilohilo? Nilitaka kupiga mayowe, ila kitanda cha pili kilikuwa na mama aliyetoka kupasuliwa siku hiyo.

Sasa hiyo Jumapili yako. Mbinya alinirekodia kwa simu. Niliona ukisimama nikaongeza sauti. Ukasema, "Wapendwa, Mungu hutumia njia nyingi, hata madaktari." Watu wakasema amina, ukaketi. Ndiyo hiyo? Hata madaktari? Mzee Ndambuki ametoka pale akisema umewaombea madaktari baraka. Nimevunja kikombe, na Mbinya ameniuliza mjomba amesema nini kibaya. Nikashindwa kumweleza, kwa sababu kibaya ni kile ambacho hukusema.

Majibu yangu yamekuja. Hatua ya tatu. Walitoa tezi kumi na sita, mbili zina ugonjwa. Daktari Awuor akachukua kalamu tena. Katika watu mia walio kama mimi, kama hamsini wameshapona kwa kisu peke yake. Kama ishirini wataokolewa na dawa za baada ya kisu. Kama thelathini ugonjwa utawarudia hata wakimaliza kila dawa. Nikamuuliza mimi ni wa fungu lipi. Akasema hakuna mtu duniani anayejua, ndiyo maana dawa wanapewa wote mia. Nilikasirika nikamwambia mashine ya namna hiyo kazini kwetu ningeizima. Akasema, "Hata mimi ningetaka iliyo bora, mama. Ndiyo hii tuko nayo." Nilipofika nyumbani nikahesabu upya. Ishirini ni watu. Naanza dawa mwezi ujao, kabla wiki nane hazijapita tangu kisu, maana alisema kuchelewa kunapunguza faida.

Kuna kitu kimoja alichoniambia nataka ukisome taratibu. Zamani dawa hizi zilitolewa miezi sita. Zinatia ganzi mikononi na miguuni, wengine ganzi haitoki tena. Basi wakachukua wagonjwa zaidi ya elfu kumi na mbili, nchi nyingi, wakawagawa kwa kura, hawa miezi mitatu, hawa sita, wakawafuatilia kwa miaka. Kwa wale wenye tezi chache kama mimi, mitatu ilikaribia kabisa kuwa sawa na sita, na ganzi ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo mimi nitapewa mitatu. Waligawanywa kwa kura, Maingi. Hakuna aliyechaguliwa kwa sababu anapendeza akishika maikrofoni, na waliokufa waliandikwa pamoja na walioishi. Watu elfu kumi na mbili nisiowajua hata mmoja wameniambia mambo yao yote, na kaka yangu wa tumbo moja ameniambia hata madaktari.

Sina zaidi.

Mukai


Umoja,
Jumapili, 16 Juni 2024

Kaka Maingi,

Hujambo? Wiki ya saba hii hujanijibu. Bi Rufaida anasema unapita, unachukua vifuko vyako na barua, unatazama chini, unaondoka. Anasema umeongeza rangi ya bluu kwenye oda. Sikumuuliza kwa nini.

Nimeshapata dripu mbili, zimebaki mbili. Siku za kwanza baada ya dripu siwezi kugusa kitu cha baridi. Nilifungua mfereji wa maji asubuhi nikadhani nimeshika waya wa umeme. Kazini wamenirudishia meza yangu. Wananipashia maji moto ndipo nipime mitungi. Vijana wa mashine wananiita Mama Maji Moto. Nimecheka nao, haijaniua.

Sikuandika kuomba kitu. Nimeandika kwa sababu Mzee Ndambuki amelazwa. Tumbo limejaa maji na macho ni ya manjano, wanasema saratani imefika ini. Unaikumbuka hesabu ya ini, nilikuandikia. Anakuulizia wewe. Kila anayekwenda kumwona anamuuliza kama Maingi atakuja. Nenda, na usiende na chupa ya maji ya maombi.

Dadako,
Mukai


Donholm,
Jumatatu, 8 Julai 2024

Dada Mukai,

Nakusalimu. Najua sistahili kukuuliza hali, lakini nauliza. Wifi yako ameniambia dripu ya tatu ulitapika siku mbili.

Nilikuwa nimekasirika, ndiyo maana sikujibu. Mwanzo nilikukasirikia wewe. Niliandika barua tatu za kukutukana, nikazichana. Uliandika kama mtu aliye sahihi kila mstari, na mimi mtu aliye sahihi kila mstari simwezi. Kisha nikaenda kwa Ndambuki.

Nilikwenda Jumamosi tarehe ishirini na tisa Juni. Alikuwa amebaki mifupa na lile tumbo. Akanishika mkono akaniuliza, "Maingi, wewe ulifunga siku ngapi? Mimi nimefika thelathini, sioni kitu. Nilikosea wapi?" Alitaka kujua alikosea wapi, Mukai. Alidhani mimi nilifanya vizuri zaidi yake. Nikafunga pazia la kitanda, nikainua shati, nikamwonyesha. Nikamwambia yote, mionzi, kisu, dripu, tarehe. Akanyoosha kidole akagusa kile kifuko. Akasema, "Kitambaa kizuri." Kisha akageukia ukutani. Nilikaa saa nzima, hakugeuka tena. Alikufa Jumatano.

Jana pasta aliniita niseme habari za imani ya marehemu. Nilichukua maikrofoni nikasema Ndambuki ameuawa na ushuhuda wangu. Nikafungua shati, nikawaonyesha mfuko, nikataja mwezi niliopasuliwa na dripu ngapi nilipewa. Nilikuwa sijamaliza pale pasta alipoiashiria kwaya. Wakaimba juu ya sauti yangu, na fundi mitambo akanizimia maikrofoni. Nilikasirika vibaya sana. Nilikasirikia kwaya, nikamkasirikia pasta, kisha nikakumbuka kwamba wimbo ule ndio nilioomba waimbe baada ya ushuhuda wangu wa 2019. Basi nikatoka nikasimama getini na shati wazi. Kila aliyetoka nilimwambia kwa mdomo wangu. Wengine walinipita wakitazama simu. Mjane wa Ndambuki alinitemea mate kifuani, na sikupangusa mpaka alipoondoka. Lakini watu wanne walinifuata mpaka kwenye lori, mmoja mmoja, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke. Walitaka jina la hospitali. Mmoja ni wa kwaya.

Leo asubuhi habari zilishafika kwenye foleni ya kupakia. Wameniita Mtungi. Nimeitika.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, maana karatasi tayari nimezitumia vibaya. Nimekwambia tu nilichofanya.

Kakako,
Maingi


Umoja,
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kaka Maingi,

Salamu zangu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mimi naendelea vizuri kwa kiasi cha mtu aliyemaliza dripu nne. Ganzi imebaki kwenye vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Nitapimwa damu kila miezi mitatu, na kamera tena baada ya mwaka. Daktari Awuor anasema neno kupona tutalizungumza baada ya miaka mitano. Mpaka wakati huo mimi ni mmoja wa wale mia.

Usidhani hasira imeisha. Niliposoma habari ya Ndambuki niliitupa barua yako chini ya kabati na kuiacha huko siku mbili. Nilipoiokota nikasoma habari ya geti, nikakasirika kwamba ilibidi mtu afe ndipo ufungue shati. Umefanya vizuri na umechelewa, na sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili. Nikipita mbele ya kanisa navuka barabara. Sijakusamehe. Nakuandikia kwa sababu nyingine.

Tarehe ishirini na tatu Julai, siku ya dripu ya mwisho, Daktari Awuor alinipa bahasha. Imechapwa na ina muhuri. "Kwa watoto wa Bi Mukai Nzau." Mimi mtoto wangu ni Mbinya peke yake. Inasema kwa kuwa ni mama yetu, wewe, na sasa mimi, huenda ni kitu tunachorithishana, kwa hiyo Mbinya asingoje kuzeeka. Ana miaka ishirini na miwili. Aanze kupimwa sasa. Daktari alinieleza kwamba wakikuta kinundu kidogo wanakitoa hapohapo kwa kamera, kabla hakijawa ugonjwa wowote. Nikamuuliza hiyo inafaa kiasi gani. Akasema katika vyote alivyonichorea tangu Machi, hakuna kinachofaa kushinda hicho.

Nilisema nitampa jioni hiyohiyo. Nikakuta ana mtihani wa chuo, nikasema baada ya mtihani. Mtihani ukaisha, akaitwa kazini kwa majaribio huko Industrial Area, nikasema aanze kwanza, asianze kazi na hofu. Jana alikuwa akinisuka, tunacheka, nikasema tukimaliza kusuka. Tulipomaliza akaingiza mkono kwenye mkoba wangu kutafuta funguo, nikampokonya kwa nguvu mpaka akaumia kidole. Akaniuliza, "Mum, kuna nini humo ndani?" Nikamwambia hakuna kitu. Nikainuka nikaenda kumkaangia mayai ambayo hakuwa ameomba.

Leo ni siku ya thelathini na tatu. Nilitaka nikukasirikie wewe kama kawaida yangu, nikashindwa kupata pa kuanzia. Bahasha yangu haina hata alama ya chai bado.

Jumamosi hii, tarehe thelathini na moja, saa nne asubuhi, njoo nyumbani. Usinipigie kwanza. Mbinya atakuwepo. Pamoja na barua hii Bi Rufaida atakupa bahasha mbili, ile yako iliyokaa kwenye lori, na hii yangu. Njoo nazo mkononi, uingie nazo mkononi. Mimi nitasema karibu, nitasema keti, nitasema tunywe chai kwanza, na huenda nikakukonyeza ungoje siku nyingine. Usininyamazie, Maingi. Usiniongezee chapati. Mpe.

Dadako,
Mukai